Mrejesho: mzaha wodini

Niliuliza kama ni adabu kumtania mama akiwa amelazwa kwa saratani ya matiti hapa Mombasa. Wengi mlisema nimwachie aanze yeye. Wallahi, alianza! Ile kemo (dawa ya saratani) nyekundu, doxorubicin, hubadilisha mkojo kuwa mwekundu kwa siku moja mbili. Mama akatoka msalani akitangaza amekunywa sharubati ya tikiti bila kujua. Nywele zilipokatika, akasema angalau mafuta ya nazi tumeokoa. Dripu ikikaribia kwisha huita wauguzi kama makanga wa Likoni: "Shukisha!" Wodi nzima hucheka.

Siku za kutapika hatutanii, hapo ni kunyamaza na kushika beseni. Dawa tena Jumatatu. Baba ndiye bado hacheki. Nadhani ana hofu kuliko mgonjwa mwenyewe.