Ana bipola na ametulia, lakini mtu akinyamaza anaona amechukiwa. Ni ugonjwa au tabia?

Mwana wa Kitangari

Wakubwa shikamooni, wa rika langu habari za jioni. Naomba msaada wa wanaoujua ugonjwa huu. Habari za kumpeleka kwa fundi wa kienyeji tumeshazimaliza nyumbani, tusirudi huko.

Mdogo wangu wa kiume, miaka 24, yupo kijijini Newala. Ana bipola, ule ugonjwa wa akili wa kupanda (kuchangamka kupita kiasi) na kushuka (huzuni nzito), imethibitishwa hospitali. Huu ni mwezi wa tano mfululizo hajapanda wala hajashuka. Anameza dawa yake ya kumtuliza, kabamazepini, miligramu 200 asubuhi na 400 usiku, analala, anakula, shambani anakwenda. Kilichobaki ni nyuso za watu. Mama akiwa kimya anapepeta mchele, anamuuliza "nimekukosea nini?" Mjomba akikunja uso kwa sababu ya jua, kijana ameshainuka, amekwenda zake kwa hasira. Ni ugonjwa uliobaki au tumemdekeza? Likitokea tufanyeje papo hapo? Na mwezi wa sita tunaanza kupuliza salfa, unga wa dawa ya mikorosho, kazi ya kuamka usiku wa manane. Twende naye?

Muuguzi wa Masasi

Ndugu, hajadekezwa. Hilo ni ubongo.

Ndani kabisa, usawa wa panja, kila upande kuna kijisehemu kinaitwa amigdala, ukubwa wake unakaribia korosho iliyobanguliwa. Uso wa mtu ukiingia machoni, amigdala inatoa jibu kabla mwenyewe hajafikiri: hapa pana usalama, hapa pana hatari. Halafu gamba la mbele la ubongo, hasa upande wake wa chini nyuma ya paji la uso, ndilo linalokagua lile jibu: "Mjomba anaangalia jua, hana neno na mimi." Amigdala inapiga kelele, gamba la mbele linashika breki.

Watu wenye bipola wanapopigwa picha za ubongo huku wakioneshwa nyuso, yanaonekana mambo mawili. Wakiwa wamepanda, amigdala inaitika kwa nguvu kupita kawaida na breki inafanya kazi kidogo. Wakishatulia, amigdala mara nyingi inarudi karibu na kawaida, lakini kwa wengi breki inabaki dhaifu, na hata nyuzi zinazounganisha sehemu hizo mbili zinaonekana kulegea. Ndiyo maana mtu analima, analala, anahesabu fedha vizuri, na bado uso mkavu unamtoa barazani. Uso mkavu unaweza kuwa mgumu kuliko hata wa hasira, kwa sababu haumwambii kitu, na pale penye pengo amigdala inajaza ya kwake.

Mkumbuke na upande wa pili, huo ndio unaoniogopesha zaidi. Mtu akianza kupanda anaweza kusoma nyuso kinyume: hofu na huzuni za wenzake hazioni, anayecheka kwa adabu anamhesabu amekubali. Kwa hiyo siku atakapoacha ghafla kuuliza "nimekukosea nini" na kuanza kusema kijiji kizima kinampenda, msishangilie kwanza. Hesabuni saa alizolala.

Jambo moja la fedha: matokeo hayo ni wastani wa makundi ya watu. Hakuna CT wala MRI inayoweza kuthibitisha bipola ya mtu mmoja, kwa hiyo msiuze kitu kwenda kumpiga picha Dar kwa ajili hiyo. Picha ina kazi yake kama ameanza kifafa, ameumia kichwa, au upande mmoja wa mwili umelegea.

Mnasihi Lindi

Naongezea la papo hapo. Maana ya uso itamkwe kabla hajaitafuta mwenyewe. Mama akiwa na ungo wake aseme: "Natafuta mawe humu, macho yangu hayaoni vizuri." Maneno mafupi, sauti ya kawaida, kazi inaendelea. Asubiri kidogo. Akiulizwa tena, ajibu vilevile bila kuongeza sauti, maana sauti ikipanda tayari amempa amigdala ushahidi.

Yanayoharibu ni haya: "tulia wewe", "umeanza tena", na lile la kumuuliza mbele za watu kama amemeza dawa. Tena msimkabili uso kwa uso. Kaeni ubavu kwa ubavu, mkimenya muhogo au mkitembea, ili uso usiwe ndio habari yenyewe. Usiku angalieni na taa: ya sola ikiwekwa sakafuni inamulika kidevu kutoka chini, inatia vivuli machoni, na hata bibi mpole anaonekana amekasirika. Itundikeni juu.

Akishaondoka kwa hasira msimfuate. Mpeni kama nusu saa, kisha mmoja tu amwendee na maji ya kunywa. Mazungumzo ya kwa nini yawe kesho yake, kichwa kikiwa kimepoa: atafute mwenyewe sababu tatu zinazoweza kumfanya mjomba akunje uso. Akitaja mbili inatosha. Ni mazoezi ya breki, yanachukua wiki nyingi, siku mbili hazitoshi.

Kusini Hoyee

Mpeni amitriptilini ya 25 usiku. Inalaza vizuri na huzuni inapungua.

Mfamasia Mikindani

Hapana, na naomba mwenye uzi asiifuate hiyo. Amitriptilini ni dawa ya sonona ya kundi la zamani, na kwa mwenye bipola inaweza kumrusha kutoka kwenye utulivu hadi kupanda. Juu ya hapo, kabamazepini inalifanya ini livunje dawa nyingi haraka, hiyo ikiwemo.

Uvunjaji huo ndio ninaotaka mkae nao. Akiugua malaria, amwambie mtoa dawa kwamba anatumia kabamazepini kabla hajapewa mseto, kwa sababu inashusha kiwango cha mseto mwilini na malaria inaweza isiishe. Asiache kabamazepini ili ameze mseto. Mganga wa zahanati ndiye aamue dawa na ufuatiliaji. Kwa dada zetu wanaosoma hapa: inapunguza pia nguvu ya vidonge vya uzazi wa mpango na vipandikizi. Kinyume chake, erithromaisini inaipandisha kabamazepini yenyewe. Mtu anapewa ya kikohozi, siku chache baadaye anayumba na kuona vitu viwiliviwili, watu wanasema kalewa.

Vipele vyenye malengelenge, vidonda mdomoni au macho mekundu pamoja na homa: hospitali siku hiyohiyo, bila kungoja tarehe ya kliniki.

Na wanaotumia lithiamu, dawa nyingine ya bipola, wasichanganye maelezo haya na yao. Hao hatari yao kubwa ni diklofenaki na ibuprofeni za maumivu, kuhara, na kutoka jasho jingi bila kunywa maji, kwa sababu figo zinaibakiza lithiamu mwilini. Damu yao inapimwa zikishapita saa 12 tangu dozi ya mwisho. Lithiamu ikifika milimoli 1.5 kwa lita ya damu ni sumu: mikono inatetemeka sana, kutapika, mwendo wa kilevi.

Kusini Hoyee

Nimekuelewa mkuu, nimeufuta ushauri wangu. Asanteni.

Muuguzi wa Masasi

Sasa salfa. Inapulizwa alfajiri kwa sababu jani lina umande wa kushika unga na upepo bado umelala, kwa hiyo saa haiwezi kusogezwa. Basi asogezwe yeye. Mwaka 2007 huko Marekani walichapisha utafiti wa vijana wenye afya waliokeshwa saa 35 hivi: amigdala zao ziliitikia picha mbaya kwa takribani asilimia 60 zaidi ya waliolala, na uhusiano wake na gamba la mbele ukadhoofika. Hao walikuwa wazima. Kijana wenu anaingia kwenye mkesha breki yake ikiwa tayari dhaifu, na kukosa usingizi ni moja ya njia za mkato za kupanda.

Apewe palizi, kufagia chini ya mikorosho, na msimu ukifika kuokota, kuanika na kuchambua madaraja. Kulala saa 3 usiku, kuamka saa 11 alfajiri, kila siku, hata ya mnada. Usiku mmoja ukiharibika, aamke saa ileile, mchana asilale zaidi ya saa moja, usiku awahi kitandani. Usiku mbili mfululizo chini ya saa tano na asubuhi ana nguvu tele, huyo apelekwe kliniki, msingoje hadi aanze kugawa vitu. Uraka, pombe ya mabibo, aache kabisa: unakata usingizi wa alfajiri, na pamoja na kabamazepini unamlevya haraka.

Malipo ya korosho yanaingia kwenye akaunti. Kaeni naye sasa akiwa mzima, akubali mwenyewe kwa maandishi nani atamsaidia kushika kadi pale dalili zikianza. Akishapanda, mkiomba kadi atasoma wizi usoni mwenu.

Mwana wa Kitangari

Mungu awalipe. Moja la mwisho: mfungo anaruhusiwa?

Mfamasia Mikindani

Aulize kliniki mwezi mmoja kabla, si usiku wa kuandama. Kabamazepini yake ni mara mbili kwa siku, hivyo daktari anaweza kuipanga futari na daku. Asiunganishe 600 yote kwa mkupuo mmoja, atayumba. Kinachowashinda wengi ni usingizi: akitoka tarawehe aende moja kwa moja kulala, aamshwe daku mwishoni mwishoni, aswali alfajiri, arudi kitandani hadi zitimie saa saba kwa jumla. Andikeni saa hizo kwenye kalenda ya ukutani kila asubuhi. Zikishuka chini ya tano siku mbili, afungue, na siku hiyo mumpeleke.