Naomba ushauri: RockShox Judy ya zamani, raba za ndani zimeoza

Wakubwa, salamu kutoka Goma. Nina baiskeli ya mlimani ya miaka ya 1990, foku ya mbele (ile mikono miwili inayoshika gurudumu na kupunguza mishtuko) ni RockShox Judy. Kuifungua, zile raba zinazofanya kazi ya springi ni uji mtupu. Chache zilizobaki nzima zinamegeka kwa ukucha. Mabomba hayana kutu, kwa hiyo kuitupa sitaki. Na kwa mawe yetu haya ya volkano, foku ngumu inaua viganja.

Fundi mmoja wa Birere anashauri tukate raba za pikipiki tuzipange humo. Sina imani sana. Nawaza springi ya chuma, lakini nipime vipi ugumu wake, nina kilo 70? Na isigongegonge bomba. Grisi je, ya silikoni ni lazima?