Mrejesho: Taarifa ya mbunge kwa wananchi wa jimbo

Ndugu zangu, nawashukuru nyote mlionishauri nilipouliza namna ya kumwandalia mbunge taarifa ya maji, barabara na zahanati ambayo wananchi wangeisoma bila kuidhania kuwa kampeni. Nilifuata shauri la kutenganisha kazi za mbunge mwenyewe, yaani kuuliza maswali bungeni, kujadili bajeti na kuisimamia serikali, na zile zinazotekelezwa na halmashauri au wizara. Kisha kila mradi nikauandikia hatua halisi uliyofikia. Kuhusu kisima, kwa mfano, tuliandika: "Kimechimbwa, pampu haijafungwa, malipo yanasubiri idhini ya wizara." Sehemu hiyo ndiyo iliyosomwa kwa sauti mkutanoni, na waliohudhuria wakauliza habari za idhini badala ya kulalamika kwa jumla.

Picha za mheshimiwa zilipunguzwa, ingawa si kwa kiwango nilichotaka (wasaidizi wenzangu wana msimamo wao). Shauri la kutaja tarehe ya kukamilika halikufaa kwa barabara, kwa kuwa zabuni ilitangazwa upya, tarehe ikapita na simu za malalamiko zikarudi palepale. Toleo lijalo litataja tarehe pale tu mkataba utakapokuwa umesainiwa.