Msaada: kindi wanaopaa tuwapange kwa mifupa au kwa DNA?

Mwanachuo_Moshi: Wakuu habari za jioni, niko chuo hapa Moshi nasoma mambo ya wanyamapori, keshokutwa tuna prezentesheni ya kupanga kindi wanaopaa kwenye makundi na grupu letu limegawanyika. Jamaa mmoja anataka kindi wa Asia na Marekani wakae tawi moja na yule wetu wa Afrika mwenye magamba chini ya mkia, eti wote wana ngozi ya kupaa. Dada mwingine anasema mambo ya mifupa yalishapitwa na wakati, ni DNA tu. Slaidi natengeneza mimi, naombeni mwongozo.

Mzee wa Majengo: Huyo jamaa mwambie aache ngozi, aangalie gegedu linaloitandaza. Kwa kindi halisi linatokea kwenye kifundo cha mkono, pale unapovalia saa. Kwa huyu wetu linatokea kwenye kiwiko. Yani kila ukoo umejishonea turubai lake kivyake. DNA nayo inasema hivohivo, wetu sio kindi kabisa, ndugu yake wa karibu ni kamendegere, yule wa kurukaruka usiku huko mbugani.

Ngaramtoni boy: Dada naye asivimbe kichwa. Kuna kindi anayepaa alichimbuliwa kwenye dampo karibu na Barcelona, ana miaka milioni 11.6, hapo DNA anaitoa wapi? Walimjua kwa vimifupa vya kifundo cha mkono. Meno peke yake yanachanganya.

Kiboriloni finest: Ila kuna mahali maumbile yanagoma. Marekani Kaskazini walikuwa wanahesabu spishi 2 miaka yote, 2017 ikatangazwa ya 3, Glaucomys oregonensis wa upande wa Pasifiki, anafanana mno na G. sabrinus (Glaucomys sabrinus, mmoja wa wale 2 wa zamani), DNA ndo ikaonesha hawachanganyi damu hata pale wanapoishi pamoja. Huo mfano mpe dada, atatulia.

Mwanachuo_Moshi: Asanteni sana wakuu. Na niwape familia yao wenyewe? Kuna kitabu cha zamani laibrari kimeandika Pteromyidae.

Mzee wa Majengo: Hapana kijana, warudishe Sciuridae, yani familia ya kindi wote, kikundi cha Pteromyini, jirani kabisa na kindi wa kawaida wa mitini. Wetu ni familia nyingine, Anomaluridae, mpe slaidi yake. Halafu chora mikono miwili, gegedu weka rangi nyekundu, maelezo punguza.

Mwanachuo_Moshi: Shikamoo mzee, nimekupata. Jamaa kashausoma uzi, kanuna, ila kakubali kuchora.