Mliopanua kanisa huku ibada zikiendelea, tupeane uzoefu

Mjumbe wa Ujenzi:
Bwana Yesu asifiwe wapendwa, na wengine wote habari za jioni.

Usharika wetu uko pembezoni mwa Morogoro mjini. Kanisa walilijenga wazee kwa tofali za kuchoma, enzi hizo mtaa mzima una nyumba za kuhesabu. Leo ibada ya pili nusu ya watu wanakaa nje chini ya mwembe wakisikiliza spika. Mvua ikinyesha, kwao ibada imeishia hapo.

Baraza limepitisha tupanue: mabawa mawili pembeni, paa jipya, na balkoni kwa nyuma. Michoro ipo, kibali cha halmashauri kimetoka. Tunapovutana ni hapa: kundi moja linataka tubomoe lote tuhamie kwenye turubai, lingine linataka tujenge kwa nje kulizunguka la zamani, tuendelee kusali ndani, kuta za zamani zivunjwe mwisho. Mliopitia haya semeni. Na hela mlizipataje? Nawasilisha.

Mama Kigango:
Tumsifu Yesu Kristo. Sisi parokiani tulizunguka kwa nje. Nguzo mpya zikapanda, kenchi za chuma zikawekwa juu ya paa la zamani, tukaezeka, ndipo paa la zamani likashushwa likiwa ndani ya kanisa jipya. Mvua haikutugusa.

Ila jiandaeni kwa vumbi. Wanakwaya walikohoa Kwaresima nzima, na kila Jumamosi jumuiya ya zamu ilifuta mabenchi ambayo kesho yake asubuhi yalikuwa yameshachafuka tena. Maharusi nao walituhama. Hakuna bibi harusi anayetaka picha yenye mirunda nyuma yake, wakaenda kufungia ndoa parokia ya jirani na sadaka zao zikaenda nao! Bati za zamani tuliwauzia waamini wenyewe, nyingi sasa zinaezeka mabanda ya ng'ombe.

Turubai ni gharama kuliko mnavyodhani, hasa kama hamna uwanja wenu.

Fundi Mwashi:
Mkuu, naunga mkono kuzunguka, lakini msikilizeni mhandisi kwenye mambo mawili.

La kwanza ni pale ukuta mpya unapokutana na wa zamani. Msingi wa zamani umeshatulia miaka yote hiyo, huo mpya bado utatitia kidogo. Mkizifunga kuta hizo mbili pamoja kama kitu kimoja, ufa utatokea pale pale kwenye kiungo, na mtapiga plasta kila mwaka bila kupona. Mwulizeni mhandisi kuhusu kuacha mwanya, kila upande usimame kwa miguu yake. Na mtakapotoboa ukuta wa zamani ili mabawa yafunguke, usivunjwe kwa pupa. Unaegemezwa kwanza, boriti inawekwa, ndipo tofali zinatoka kipande kwa kipande.

La pili ni balkoni. Watu wakikaa kimya wana uzito wao, wakisimama wote kurukaruka wakati wa sifa ni habari nyingine. Mwambieni mhandisi ukweli wa jinsi mnavyoabudu, msimwambie "ni ya kwaya tu".

Halafu hili la makanisa nimelikuta kila mahali: zege linamwagwa Jumamosi jioni ili washarika waje waone Jumapili. Jumapili hiyo hakuna wa kulimwagilia. Zege linataka maji angalau siku 7 mfululizo, na nguvu yake hupimwa siku ya 28. Kesho yake juani ndiyo mbaya kuliko zote.

Mhazini Mstaafu:
Kuhusu hela. Ahadi si fedha. Watu huahidi wakiwa wamechangamka, Januari ada za shule zinawaamsha.

Kilichotusaidia ni hiki. Waumini walipenda kutoa saruji badala ya pesa, wanasema mfuko hauibiwi kirahisi. Lakini saruji ikikaa stoo miezi mitatu inapungua nguvu hata kama haijaganda. Tukaongea na duka la vifaa: muumini analipia mifuko yake dukani, duka linaandika, sisi tunachukua siku ya kazi. Mnada wa mavuno nao msiudharau. Jogoo mmoja kwetu alinunuliwa akarudishwa, akanunuliwa tena, mpaka mwenyewe akachoka kuwika. Na mapato na matumizi bandikeni mlangoni kila mwezi. Minong'ono ikianza, bahasha zinakuwa nyepesi.

Wa Kiambu:
Huku Kenya harambee bila mwanasiasa ni kama haijafanyika. Kwetu mheshimiwa mmoja alitangaza kiasi kwenye kipaza sauti, tukaagiza mabati kwa deni tukimtegemea, hundi haijaonekana hadi leo. Ndiyo maana Novemba 2024, Askofu Mkuu Philip Anyolo wa Nairobi aliporudisha pesa za Rais Ruto kwa kanisa la Soweto hapo Nairobi, pamoja na za kujenga nyumba ya padri, mimi nilipiga makofi sebuleni. Wengine kanisani kwetu walinuna, walikuwa wanamngoja mgeni wao.

Mkaazi wa Mkunazini:
Nami nachangia kutoka Unguja. Kama kuta zenu za zamani zimejengwa kwa chokaa au udongo, msizipige plasta ya saruji. Ukuta huo unapumua. Ukiuziba, unyevu na chumvi vinatafuta pa kutokea, na plasta inabanduka mapande mapande. Kanisa Kuu la Kianglikana la Mkunazini, hapa mjini Zanzibar, lililoanzwa 1873 kwa mawe ya matumbawe na chokaa, limekarabatiwa kwa chokaa vilevile.

Humo humo wageni huonyeshwa nguzo zilizosimamishwa kichwa chini. Inasemekana mafundi walizisimika Askofu Steere, aliyesimamia ujenzi huo, akiwa safarini. Kwa hiyo kamati isisafiri yote kwa pamoja!

Mjumbe wa Ujenzi:
Asanteni sana. Hilo la mwanya halikuwamo kabisa kwenye mazungumzo yetu, nitalipeleka kwa mhandisi kabla msingi haujachimbwa. Mhazini, pale dukani risiti ziliandikwa kwa jina la nani?

Mhazini Mstaafu:
La usharika. Duka lilitaka kuandika jina la mwenyekiti kwa sababu ndiye anayefahamika, tukakataa. Na wa kuchukua mzigo wawe wawili, wote wasaini.