Kazi za serikali zimebaki za wenye chumba mjini, sisi wa visiwani tumefungiwa mlango

Heshima kwenu wakuu.

Hili jambo nimekaa nalo miezi miwili, leo limenifika shingoni. Naandika nikiwa Igoma, Mwanza mjini, kwenye chumba ambacho sikuwahi kukihitaji. Nakilipia shilingi 60,000 kwa mwezi, na mwenye nyumba alitaka kodi ya miezi sita mkononi ndipo anipe ufunguo. Hiyo hela nilikopa. Kwangu mimi ni Bwisya, kisiwani Ukara, Ziwa Victoria. Nina nyumba niliyojenga mwenyewe, mke na watoto wawili, na kwa miezi hii miwili nimewaona mara tatu.

Kazi yangu ni ya mkataba kwenye mradi mmoja wa serikali, jina naliacha. Fomu za takwimu za uvuvi zinajazwa kwenye mialo, yaani ufukweni boti zinaposhusha samaki, huko visiwani, zinapigwa picha, zinatumwa kwenye mfumo, na sisi makarani tunazisoma na kuziingiza: boti ngapi zimetia nanga, sangara kilo ngapi, dagaa ndoo ngapi. Mwaka mzima nimeifanya nikiwa Bwisya. Umeme wa jua tulifungiwa pale tangu 2016, mtandao upo, bando nilikuwa najinunulia bila kumdai mtu. Lengo letu lilikuwa fomu 60 kwa siku na sikuwahi kushuka chini ya hapo. Msimamizi mwenyewe alishawahi kuwaambia wenzangu wajifunze kwangu.

Ghafla ukaja ujumbe kwenye kundi la WhatsApp. Kila karani aripoti ofisini Mwanza mjini, siku tano za wiki, saa 1:30 asubuhi. Hakuna barua, hakuna sababu, hakuna posho ya kuhama. Asiyeweza aseme, nafasi yake ina watu wengi wanaoisubiri.

Hebu mnisaidie hesabu. Kutoka Bwisya unapanda kivuko hadi Bugolora, unatafuta gari hadi Nansio, halafu meli ya kwenda Mwanza ambayo ni kama saa tatu ziwa likiwa limetulia. Au uzunguke Rugezi, uvuke hadi Kisorya, ushike barabara ya Bunda. Kwa njia yoyote hapo, nani atatoka Ukara alfajiri awe amekaa kwenye kiti saa 1:30? Mwenzangu mmoja wa ofisini akaniambia siku hizi daraja lipo. Daraja la Kigongo–Busisi limefunguliwa Juni 2025, kilomita 3, limewaokoa watu wa Sengerema na Geita na nalishukuru kwa moyo wote. Kwetu halifiki.

Na kuvuka maji kwa mtu wa Ukara si kama kupanda daladala. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka kikiwa kimebakiza kidogo kufika gati la Bwisya. Walikufa watu zaidi ya 220, na wengine tuliwazika pale pale. Mtu anayeniamuru nivuke kila wiki ili nikabonyeze vitufe vile vile nilivyokuwa nabonyeza nyumbani anatakiwa alijue hilo.

Sasa njooni muone hiyo kazi ya ofisini inavyofanyika. Mlangoni kuna daftari la mahudhurio. Ikifika saa 1:30 kamili linapigwa mstari mwekundu, ukisaini chini ya mstari umechelewa na inaandikwa. Baada ya hapo tunaingia chumba chenye makarani 14 na meza 9. Wa meza wanakaa, waliobaki wanaweka kompyuta mapajani. Mtandao wa ofisi ukikatika, tunawasha bando zetu wenyewe, yaani kile kile nilichokuwa nafanya Bwisya, tofauti ni kwamba sasa nalipa na kodi ya chumba.

Wiki iliyopita nilikutana na fomu imeandikwa dagaa ndoo 40. Wabichi au wakavu? Haikuandikwa. Ukikosea hapo umeharibu takwimu ya mwalo mzima, maana dagaa akikauka uzito wake si ule tena. Nikampigia katibu wa mwalo, simu haipatikani, yuko ziwani. Nimempigia siku tatu. Ule mwalo uko chini ya nyumba yangu! Ningekuwa nyumbani ningeteremka, ningeuliza wanawake wanaoanika pale kwenye mchanga, ningepata jibu kabla chai haijapoa. Badala yake fomu ya nyumbani kwangu inanifuata Mwanza ili niihangaikie nikiwa mbali nayo.

Nilipomuuliza mkuu wa kitengo, akanijibu hata Marekani wamewarudisha watu maofisini. Ni kweli, Rais Trump alitoa agizo hilo tarehe 20 Januari 2025 kwa watumishi wa serikali yao. Nimelisoma. Agizo hilo hilo linawaruhusu wakuu wa taasisi kutoa msamaha pale wanapoona ni lazima. Huo upande hakuusema.

Na kwa nini twende Marekani? Sensa ya Agosti 2022 ilifanywaje? Makarani walichukuliwa huko huko wanakoishi, wakapewa vishikwambi, wakahesabu vijiji na visiwa, takwimu zikatumwa kwa mtandao. Hakuna aliyeambiwa ahamie mjini ndipo amhesabu jirani yake. Leo likizo mtumishi anaomba kwenye mfumo, uhamisho kwenye mfumo, utendaji wake wa kazi anaujaza kwenye mfumo wa PEPMIS. Kila kitu kimehamia kwenye mfumo isipokuwa mtu wa kisiwani.

Wala hili halijaanza na mimi. Kijana wa kijijini akiitwa kwenye usaili Dodoma, tangazo linamwambia wazi atajigharamia chakula, usafiri na malazi. Kutoka stendi ya Nyegezi, Mwanza, hadi Dodoma ni safari ya siku nzima kwa basi, na wa Ukara anaanza kwa kuvuka maji mara mbili ndipo aifikie hiyo Nyegezi. Mdogo wangu aliuza mbuzi wawili akaenda mchujo wa kuandika, akafaulu, akaitwa mahojiano, mbuzi hakuna. Hakwenda. Kwenye karatasi zao ataonekana ni mtu aliyeshindwa kutokea.

Katiba ibara ya 22 inasema kila raia anastahili fursa na haki sawa ya kushika kazi iliyo chini ya Mamlaka ya Nchi. Usawa gani huu ambao sharti la kwanza ni uwe na miezi sita ya kodi ya chumba Mwanza?

Mkataba wangu unaisha tarehe 30 na tangazo la nafasi mpya limeshatoka, limeandikwa mwombaji awe mkazi wa Mwanza mjini. Sijawahi kuona sharti hilo likiandikwa wazi hivyo. Mwenye waraka wowote unaosema kazi hizi lazima zifanyike ofisini auweke hapa niusome. Na wenzangu wa Kome, Maisome, Ukerewe na Ukara mlioambiwa hivi, andikeni mliambiwa nini na lini. Jumatatu naandika barua ya malalamiko na sitaki iende na jina langu peke yake.