Kundi: Wazazi wa S.3 (kidato cha tatu) Walukuba

[18:02] Mwl. Nabirye: Jamani, majaribio ya kemia ya watoto ni Jumamosi saa 3 asubuhi, uani kwa Mama Shamim. Meza tano, kila meza aina moja ya mmenyuko: kuungana, kutengana, kuondoshana, kubadilishana, kuungua. Nani analeta nini? Mmesoma tangu jana, kimya.

[18:19] Mwl. Nabirye: Naendelea. Kuondoshana: mrututu (salfeti ya shaba) gramu 12.5, maji mpaka ifike mililita 100, kwenye glasi. Misumari ipigwe msasa ing'ae, mafuta yakibaki shaba haishiki. Chuma kinaingia majini, shaba inatoka na kukaa juu ya msumari, nyekundu kabisa. Tafadhali isiwe misumari ya mabati. Ina zinki juu, na zinki ndiyo itaanza kazi, msumari utatoka mweusi na watoto watachanganyikiwa.

[18:31] Okello: Ya mwaka jana tunajua ilitoka kwa nani 😂

[18:33] Mama Shamim: Okello usianze. Mizani yangu mmerudisha?

[18:34] Mwl. Nabirye: Ya mizani baadaye. Meza ya kuungana nataka chokaa hai na maji. Nani anayo?

[18:36] Bi. Zaituni: Mwalimu, miwani ya usalama ipo? Chokaa hai ikipata maji inachemka na kuruka.

[18:37] Okello: Na rolex ni aina gani? Yai na chapati

[18:37] Kato: Kuungana 😂😂

[18:38] Okello: Nikiitafuna je, kutengana?

[18:40] Mwl. Nabirye: Zaituni kauliza jambo la maana, nyie mnaleta rolex!

[19:15] Jaja Musa: Chokaa hai haiingii kwenye ua wenye watoto. Ikiingia jichoni inaweza kupofusha. Chukueni stilwaya isiyo na sabuni, gramu 2, ichambueni iwe nyepesi hewa ipite. Ishikeni kwa koleo juu ya sigiri, nje, kopo la bati chini yake kudaka cheche na vipande. Ikipoa pimeni pamoja na vilivyodondoka. Uzito umepanda, chuma kimechukua oksijeni ya hewani.

[19:17] Mwl. Nabirye: Shikamoo Jaja. Chokaa naifuta. Ila hiyo si kuungua, meza ya tano?

[19:26] Jaja Musa: Ni zote mbili. Vimeingia vitu viwili, kimetoka kimoja, hapo ni kuungana. Kimeshika oksijeni kwa joto na mwanga, hapo ni kuungua. Mafuta ya taa yanaungua lakini hayaungani, maana yanatoa kaboni dioksidi na maji. Mtoto aandike mlinganyo kwanza, ahesabu vilivyoingia na vilivyotoka, ndipo ataje aina. Asitaje kwa kuona povu.

[19:27] Bi. Zaituni: Asante Jaja.

[20:48] Kato: Ndiyo naona sasa. Povu la siki na soda ya kuokea basi?

[20:55] Okello: Hapo wanabadilishana kwanza, halafu asidi ya kaboniki inayotokea inatengana papo hapo kuwa maji na gesi. Hatua mbili, itawachanganya. Meza ya kubadilishana wekeni mrututu na magadi ya kufulia, yote yameyeyushwa. Mashapo ya buluu-kijani yanashuka chini, basi.

[21:01] Mwl. Nabirye: Okello leo umenisaidia. Kutengana ni soda ya kuokea gramu 8.4 kwenye kikaango kikavu, ikorogwe na kupimwa mpaka uzito uache kushuka. Ibaki 5.3. Ikibaki zaidi, haijaiva. Mrututu usikaribie vyombo vya kupikia, ni sumu.

[21:03] Jaja Musa: Kwa mizani ipi? Ya jikoni inayosoma gramu nzima haitaonyesha hata uzito ulioongezeka kwenye stilwaya. Itakiwa inayosoma 0.1.

[21:04] Mama Shamim: Ndiyo hiyo yangu.

[21:20] Mwl. Nabirye: Iko kwa nani?

[21:58] Mwl. Nabirye: Kato?

[22:31] Kato: Niko kwenye boda, nitajibu

[22:33] Mama Shamim: Ua upo. Mizani semezaneni wenyewe. Na meza ni nne au tano?